Tupeane uzoefu: kodi kwenye vifurushi vidogo tunavyoagiza mtandaoni kutoka nje

Mzee wa Risiti
Ile picha ya kadi ya posta iliyobandikwa humu jana, inayodai ada kabla mtu hajapewa mzigo wake, imenifanya nifungue uzi huu. Kila aliyejibu alijibu kwa sheria ya nchi anayoishi yeye, na mwenye kadi akabaki njia panda. Tufanye hivi: taja nchi, kikomo, asilimia, nani anakusanya, na mahali panapoharibika. Za kusikia baa tuziache hukohuko baa.

Naanza na UK. Hadi mwisho wa 2020, mzigo wa pauni 15 kushuka chini uliingia bila VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Tarehe 1 Januari 2021 msamaha huo ukafutwa. Tangu hapo, kama thamani ya bidhaa haizidi pauni 135, VAT inakatwa palepale unapolipia mtandaoni, haisubiri mpakani. Ukinunua kupitia jukwaa la mauzo, jukwaa ndilo linalokata na kuipeleka HMRC, mamlaka ya kodi ya UK. Muuzaji aliyeko Shenzhen, China, hahusiki. Ukinunua kwenye tovuti ya muuzaji mwenyewe, yeye ndiye anatakiwa awe amesajiliwa VAT ya UK. Ukivuka 135, unarudi kwenye utaratibu wa zamani: ushuru wa forodha na VAT vinatozwa mzigo ukiingia, na aliyeubeba anaongeza ada yake.

Hiyo 135 wengi wanaipima vibaya. Ni thamani ya bidhaa tupu, bila VAT, na bila nauli ya mzigo iwapo nauli imeandikwa kando kwenye ankara. Majukwaa mengi yanaonyesha bei yenye VAT ndani yake. Kwa hiyo kikapu kinachosoma pauni 160 kwa VAT ya asilimia 20 ni pauni 133.33 kabla ya VAT, bado uko ndani. Mwisho wako ni 162. Watu wanafuta vitu kikapuni wakifika 134 bila sababu.

Mtego uko kwenye "usafirishaji bure". Bidhaa pauni 128 na nauli 14, zote kabla ya VAT, vikiandikwa mistari miwili, uko chini ya kikomo. Muuzaji akiandika 142 kwa mstari mmoja na nauli sifuri, umevuka, ingawa hela iliyokutoka ni ileile.

Binti Luton
Ongeza hapo: nguo na viatu vya watoto VAT yake UK ni asilimia sifuri, vitabu vilevile. Hata vikitoka nje. Muuzaji akiorodhesha fulana ya mtoto wa miaka minne kama "nguo ya kike", mfumo unakata 20. Andikia jukwaa, weka picha ya lebo ya saizi, wanarudisha.

Kadogoo
Kumbe!

Sharifu wa Penang
Malaysia. Kodi ya mauzo kwa bidhaa za thamani ndogo ilianza 1 Januari 2024, asilimia 10. Ilikuwa ianze 1 Aprili 2023 ikaahirishwa. Inahusu bidhaa iliyoko nje ya nchi, inayouzwa mtandaoni kwa bei isiyozidi ringgit 500, iingie kwa ndege, meli au lori. Muuzaji anapaswa kujisajili iwapo mauzo yake ya bidhaa hizo kuingia Malaysia yanazidi ringgit 500,000 ndani ya miezi 12, na jukwaa linahesabika kuwa muuzaji. Anapeleka kodi forodhani kila miezi mitatu. Sigara, tumbaku, pombe na vifaa vya kuvuta mvuke havimo. Hivyo vina kodi zake hata kama ni vya ringgit 20.

Tofauti na huko kwa Mzee: hapa nauli na bima havikatwi hii kodi. Kitu cha ringgit 80, nauli 12, kodi ni 8, jumla 100. Ukiona umekatwa 9.20, wamepiga kodi hadi kwenye nauli, hoji.

Wanafunzi wetu wengi hawaangalii mahali mzigo unapotokea. Bidhaa ileile, bei ileile, muuzaji mmoja anatuma toka ghala la Selangor, humuhumu Malaysia, na mwingine toka China. Wa Selangor hana hii asilimia 10. Chuja kwa mahali kabla ya kuchuja kwa bei.

Mzee wa Risiti
Sharifu, UK kwenye nauli ni kinyume. Nauli haihesabiki kwenye kupima kikomo, lakini VAT yenyewe inapigwa juu ya yote. Bidhaa 100, nauli 6, VAT ni 21.20.

Kichwa Ngumu
Mnazunguka mbuyu. Dawa ni kugawa oda. Una vitu vya 300, agiza mara tatu siku tatu. Kwisha.

Mzee wa Risiti
Si kwisha. UK na Umoja wa Ulaya wanapima shehena, yaani kila kilichofungwa pamoja na kutumwa pamoja kwa mtu mmoja. Oda tatu zikitiwa kwenye mfuko mmoja ni shehena moja. Na ukikwepa, unakwepa nini? VAT unalipa vyovyote vile, chini au juu ya 135. Unachookoa kwa kubaki chini ni ushuru wa forodha na ada ya mbebaji tu.

Kichwa Ngumu
Mbona Sharifu anasema hapimi shehena?

Sharifu wa Penang
Sikusema hivyo, ila ni kweli. Huku ringgit 500 inapimwa kwa kila bidhaa. Vitu vinne vya ringgit 200 kwenye oda moja, vyote vinne ni "thamani ndogo", unakatwa 80 unapolipa. Kugawa hakukupunguzii hata senti.

Jirani wa Oslo
Norway nako ni kwa kila kitu. Kikomo kroner 3,000 kwa kitu kimoja, tangu 1 Aprili 2020, VAT 25 inakatwa na muuzaji aliyesajiliwa. Vyakula havimo.

Kichwa Ngumu
Kwa hiyo niko sahihi nusu.

Binti Luton
Uko sahihi kwa nchi usiyoishi.

Fundi wa Köln
Hiyo habari ya "gawa oda" ngoja niielezee hadi mwisho, maana kuna mzigo ulioingia hapa ukiwa umebeba kila kosa linalowezekana, na hesabu yake inafundisha kuliko sheria yenyewe.

Kwanza msingi. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa VAT wa euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Badala yake kuna IOSS: muuzaji au jukwaa anajisajili nchi moja ya Umoja, anakata VAT ya nchi ya mnunuzi wakati wa malipo kwa shehena isiyozidi euro 150, kisha analipa kila mwezi kwa tamko moja. Ujerumani 19, Uholanzi 21, Sweden 25, Hungary 27. Anapewa namba inayoanza na IM kisha tarakimu kumi. Namba hiyo ndiyo inayoiambia forodha "huyu ameshalipa". Inatakiwa isafiri ndani ya data za kielektroniki zinazotangulia mzigo. Kuandikwa kwenye karatasi ya nje hakusaidii, na hakutakiwi, maana namba iliyo wazi inaibwa na wauzaji wengine.

Sasa mzigo. Oda tatu, jukwaa moja, wiki moja: gauni euro 58, suruali 49, jaketi 61, bei kabla ya VAT, nauli bure. Kila oda imekatwa 19: 11.02, 9.31, 11.59. Jumla 31.92 tayari imelipwa, risiti zipo, namba ya IM ipo. Kila oda peke yake iko mbali na 150.

Ghala la China likaona anwani ni moja, likazitia zote kwenye mfuko mmoja, lebo moja, namba moja ya kufuatilia. Kwao ni kubana nauli. Mfuko ukatua Ujerumani ukiwa na thamani ya 168. Hapo IOSS haifanyi kazi tena, kwa sababu ni ya shehena isiyozidi 150. Forodha ikafungua tamko kamili. Ushuru wa nguo asilimia 12 juu ya 168: 20.16. VAT ya kuingiza 19 juu ya 188.16: 35.75. Jumla 55.91, na juu yake ada ya kampuni ya usafirishaji kwa kumlipia mteja mbele. Mwenye nguo za 168 ametozwa jumla ya 87.83 kabla hata ya hiyo ada. Zaidi ya nusu ya bei ya bidhaa.

Forodha haikukosea hapo. Mfuko wa 168 unatozwa hivyo, wala hakuna cha kukata rufaa. Aliyekosea ni aliyeunganisha. Kwa hiyo pesa ya kudai ni ile 31.92, na anayedaiwa ni jukwaa. Utaratibu: lipa mpakani, omba hati ya ushuru yenye namba ya tamko (risiti ya mtu wa kuleta mzigo haitoshi), itume kwa jukwaa pamoja na namba za oda zote tatu, useme VAT imelipwa mara mbili. Wao wanarudisha, kisha wanarekebisha kwenye tamko lao la IOSS la miezi inayofuata. Wana miaka mitatu ya kurekebisha, kwa hiyo wasikwambie "mwezi umefungwa". Zile 20.16 za ushuru sheria haikurudishii. Ukibahatika watakupa kuponi.

Kadogoo
Aisee. 87 kwa nguo tatu.

Mama wa Vitenge
Hapo ndipo wanapoua.

Shemeji wa Rotterdam
Mimi ningesema usilipe. Kataa mzigo mlangoni, urudi kwao, udai pesa yote.

Fundi wa Köln
Kwenye kesi ambayo namba ya IM haikusomeka na mzigo uko chini ya 150, sawa, kataa. Ni njia safi kuliko zote. Kwenye mzigo uliovuka, ukikataa unategemea huruma ya jukwaa, na mzigo unaorudi China haufiki ndani ya wiki moja.

Shemeji wa Rotterdam
Kulipa mara mbili nako ni kuwazoesha. Kataa tu.

Mpita Njia 77
Nunua nguo sokoni kama watu, mzigo unaubeba mwenyewe.

Kichwa Ngumu
Fundi, 148 je? Maana euro inapanda na kushuka. Leo 148, ikifika ni 152.

Fundi wa Köln
Swali zuri, kwa mara ya kwanza leo. Kikomo kinapimwa kwa bei ya siku uliyolipa. Muuzaji akiuza kwa dola, anageuza kwa kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya cha siku hiyo, wakati forodha ina kiwango chake cha mwezi mzima. Bei ikiandikwa kwa euro kwenye ankara, ubishi unaisha. Ikiwa kwa dola tu, unaweza kushtukia 148 imekuwa 151. Acha pengo la euro 5 hivi.

Na kwa asiye na IOSS, mfano umenunua kwa muuzaji mdogo kabisa: Ujerumani kodi isiyofika euro 1 haikusanywi. Kwa asilimia 19 hiyo ni bidhaa ya hadi 5.23 pamoja na nauli. Kitufe cha koti kinapita. Koti halipiti.

Mama wa Vitenge
Mmekaa na China tu. Wanaoagiza vitenge na kanga kutoka Dar kwenda UK je? Mzigo wa pauni 200 unasemekana hauna ushuru kwa sababu Tanzania iko kwenye mpango wa nchi zinazoendelea.

Mzee wa Risiti
Dada, mpango upo, ulianza Juni 2023, na Tanzania iko kwenye kundi la nchi zenye maendeleo madogo zaidi: ushuru sifuri karibu kila kitu. Lakini ni kwa bidhaa yenye asili ya Tanzania. Kitenge kilichochapwa China kikauzwa Kariakoo asili yake ni China, hata kama risiti ni ya Kariakoo. Ndiyo kisa cha watu kutozwa ushuru wakidhani wameonewa. Angalia maandishi ya pembeni mwa kitambaa, mara nyingi yanasema kilipotengenezwa. Kama ni cha kiwanda cha Tanzania, muuzaji aandike tamko la asili kwenye ankara. Bila hilo tamko, sifuri haipatikani.

Na hata ushuru ukiwa sifuri, VAT iko palepale. Mfano wa nguo za kushonwa zisizo na tamko: bidhaa 150, nauli 20, ushuru 12 juu ya 170 ni 20.40, VAT 20 juu ya 190.40 ni 38.08, ada ya Royal Mail, posta ya UK, 8. Jumla 66.48. Zikiwa na tamko: VAT 34 na ada 8, jumla 42. Mstari mmoja kwenye ankara una thamani ya pauni 24.48.

Binti Luton
Waandike tu "zawadi", wanaachiwa.

Mzee wa Risiti
Hapana! Hiyo ndiyo kadi ya jana. Zawadi UK ni mtu binafsi kwa mtu binafsi, kwa tukio kama siku ya kuzaliwa au sikukuu, kwa matumizi yako mwenyewe. Msamaha wa VAT unaishia pauni 39. Na hapa ndipo watu wanapoumia: mzigo wa zawadi wa pauni 60 hauna jukwaa lililokata VAT mapema, kwa hiyo unatozwa mpakani, 12 za VAT na 8 za ada. Mtu ananunua mwenyewe kwa muuzaji, anamwambia aandike zawadi, anageuza mzigo ambao ungepita kimya kuwa mzigo unaosimamishwa. Ulaya kikomo cha zawadi ni euro 45.

Binti Luton
Basi mama akituma kanga za familia nzima?

Mzee wa Risiti
Inaruhusiwa 39 kwa kila mtu ndani ya mfuko mmoja, mradi kila zawadi imefungwa peke yake, ina jina la mwenyewe, na zote zimeorodheshwa moja moja kwenye fomu ya posta. "Nguo" kwa neno moja haitoshi. "Kanga 2, pauni 14, ya Fulani, kikoi 1, pauni 18, cha Fulani."

Wa Umoja Estate
Na sisi wa Nairobi? Hiyo ya kukatiwa online iko?

Kamba Mzee
Haiko. Kodi ya wauzaji wa nje wanayokatwa online Kenya ni ya huduma za kidijitali, kama zile za filamu na programu. Bidhaa inatozwa ikiingia, tena kwa thamani pamoja na nauli na bima. Kitu kilichofika kwa shilingi 10,000 chenye ushuru wa 25: ushuru 2,500, VAT 16 juu ya 12,500 ni 2,000, ada ya tamko la uingizaji 2.5 ni 250. Tozo ya reli 2 ni 200. Jumla 4,950. Tanzania vilevile, mfumo wa wauzaji wa nje wa 2022 ni wa huduma za kielektroniki, bidhaa inakutana na VAT ya 18 forodhani.

Wa Umoja Estate
Lakini wakala wa Eastleigh hatozi hivyo, yeye ni kwa kilo.

Kamba Mzee
Bei yake ya kilo ina kodi ndani, au anakwambia ina. Ukitaka kujua, omba nakala ya tamko. Wengi watabadilisha mazungumzo.

Mpita Njia 77
Wakala wa kilo hajawahi kuniletea kadi ya pauni 8. Nasema tu.

Jirani wa Oslo
Wanaolalamika kwamba ni roho mbaya za serikali wakumbuke kisa cha Jersey na Guernsey, visiwa vilivyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Wakati msamaha ulipokuwepo, maduka ya CD na DVD za Waingereza yalikuwa yanatuma diski kutoka visiwa hivyo kuingia Uingereza bila VAT, duka la mtaani likawa haliwezi kushindana. UK ikawafungia msamaha Aprili 2012, miaka karibu tisa kabla ya kuwafutia wengine wote. Na Australia ilipoanza kukata asilimia 10 Julai 2018 kwa bidhaa za chini ya dola 1,000 zao, Amazon iliwafungia Waaustralia duka lake la Marekani. Ikalifungua tena Novemba mwaka huohuo.

Kichwa Ngumu
Kwa hiyo tukigoma wote wanarudi?

Jirani wa Oslo
Amazon ndiyo iliyorudi, bwana. Kodi haikurudi nyuma.

Fundi wa Köln
Wa Ulaya wekeni alama kwenye kalenda. Mawaziri wa fedha walikubaliana Desemba 2025 kwamba kuanzia 1 Julai 2026 mzigo wa chini ya euro 150 utakuwa na ushuru wa euro 3 kwa kila aina ya bidhaa ndani yake. Hiyo ni nje ya VAT. Soksi na kifuniko cha simu kwenye mfuko mmoja ni aina mbili, euro 6. Soksi jozi tano ni aina moja. Kwa hiyo ushauri wa kugawa oda utapindukia upande mwingine: kusanya vya aina moja.

Mzee wa Risiti
UK nao wametangaza kuondoa msamaha wa ushuru wa chini ya 135, ukomo Machi 2029.

Kadogoo
Swali la mwisho. Mzigo wa pauni 40 kutoka jukwaa kubwa, VAT imekatwa, risiti ipo, na posta bado wanadai. Nifanyeje?

Mzee wa Risiti
Sababu huwa mbili. Ama tamko la posta halikuonyesha kwamba VAT imelipwa, ama muuzaji ameandika "zawadi" kujifanya mjanja. Una kama wiki tatu za kulipa kabla haujarudishwa. Lipa, chukua mzigo, usitupe karatasi ya juu ya mfuko, ina namba ya malipo ya forodha. Kisha jaza fomu BOR286 kama ulikuja kwa Royal Mail au Parcelforce. Kama ni kampuni nyingine ya kusafirisha, ni C285, na mwombe kwanza yeye mwenyewe hati ya tamko. Ambatisha ankara inayoonyesha VAT kwa mstari wake na ushahidi wa malipo ya benki. Picha ya ukurasa wa oda pekee inarudishwa.

Shemeji wa Rotterdam
Au kataa mzigo.

Kadogoo
Karatasi ya juu nimeshaitupa.

Binti Luton
Pipa la karatasi kwenu wanazoa siku gani?